Leseni Yangu ya Elfu Kumi na Tano

Jumatatu, 3 Machi 2025

Habari tamu! Mamlaka ya Miche imepandisha leseni ya nasari kutoka elfu mbili hadi elfu kumi na tano. Hapa Kiptere wote tunaootesha miche ya majani chai tumelia tangu asubuhi. Mimi nimelia kwa adabu tu. Moyoni nacheka. Nyabate, mama mwenye nasari ng'ambo ya barabara, hawezi kulipa. Miaka sita ananinyang'anya wateja kwa ujanja mmoja: miche yake haifi. Akifunga, mvua za Aprili ni zangu peke yangu.

Tatizo dogo. Hata mimi sina hizo pesa.

Jumatano, 5 Machi

Nimezipata! Nimeuza mtamba wa mke wangu Phanice, kwa bei ya kutupa. Nimemwambia nimempeleka kwa ndugu yangu Onchiri kule Sigowet, kwenye nyasi nzuri. Akanishukuru kwa kumjali ng'ombe wake. Sikujua pa kuweka macho.

Leseni nimeitundika langoni. Nyabate akavuka barabara, akaisoma mara mbili, akaniuliza kama nimesikia habari za mswada. Mswada gani? Akanieleza polepole, kama anamfundisha mtoto. Bunge linataka kuizuia Mamlaka isipandishe ada zaidi ya asilimia kumi kwa mwaka. Ikitaka zaidi, iende Bungeni ikajieleze. Ijumaa kamati ya wabunge inakuja kusikiliza wananchi katika ukumbi wa kanisa.

Mswada ukipita, wote tunarudi elfu mbili na kidogo. Chai ikanipalia.

Alhamisi, 6 Machi

Lazima mswada ufe. Nimekodi wapiga makofi kumi, kiongozi wao Ondieki wa bodaboda. Malipo ni chai na mandazi. Ishara: nikivua kofia, wapige makofi mpaka niivae tena. Tumefanya mazoezi nyuma ya posho mili, pale panaposagwa mahindi. Wamemaliza mandazi arobaini kabla ya kofi la kwanza.

Ijumaa, 7 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Ukumbi ulijaa, na mabati yalikuwa yanawaka. Nyabate akasimama wa kwanza, bila karatasi. Akasema hakatai kulipa ada. Anakataa kulala ikiwa elfu mbili na kuamka ikiwa kumi na tano, bila mtu kumuuliza. "Ofisi ikijipangia bei yenyewe," akasema, "nani ataiambia imetosha?"

Jasho likaniingia machoni. Nikavua kofia nijipanguse.

Makofi! Ondieki alipanda juu ya benchi. Nikawapungia mkono wanyamaze, wakadhani nataka zaidi, mpaka nilipokumbuka kuivaa. Mwenyekiti wa kamati, mama mmoja wa miwani, akaandika jambo refu.

Zamu yangu ikafika. Nikasema ada kubwa itaondoa wenye nasari za ovyo. Kofia nikaisahau kichwani, makofi hayakuja. Mwenyekiti akaniuliza kama mimi nimelipa. Nikajibu kwa fahari kwamba nilikuwa wa kwanza Kiptere nzima. Akauliza pesa nilitoa wapi. Mimi nikipewa maikrofoni, ulimi hautaki ruhusa yangu.

"Niliuza mtamba, mheshimiwa."

Nyuma kabisa Phanice akasimama. Sikujua amekuja.

"Mtamba gani, Baba Kemuma?"

Ukumbi mzima ukageuka. Nikasema, "Yule wa Sigowet," na watu wakacheka mpaka madirisha yakalia. Phanice hakucheka. Alikaa chini akajifunika uso kwa leso, na kicheko kikafa chenyewe. Mwenyekiti akamwambia karani aandike: mkulima ameuza mtamba wa mkewe ili alipie leseni. Katika mkutano wote, hakuna aliyeutetea mswada kunishinda.

Jumapili, 9 Machi

Phanice ananiwekea chakula, ananinawisha mikono, haniambii neno. Afadhali angenitukana. Kanisani ameketi na Nyabate.

Jumatano, 18 Juni

Mswada umekuwa sheria. Mamlaka imeagizwa kurudisha kilichozidi. Nyabate ndiye aliyetuandikia wote barua ya madai, na jina langu aliliweka la tatu. Sikuwa nimemwomba.

Pesa zangu zimefika jana. Phanice amezichukua, akaongeza za chama chake cha akiba, wakaenda yeye na Nyabate kwa yule aliyenunua mtamba. Jioni wakarudi na ng'ombe, kamba shingoni. Phanice akafungua mdomo, mara ya kwanza kwa wiki nyingi: nikate nyasi. Nimekata za kutosha ng'ombe watatu. Huko shambani nimelia kidogo. Nyabate ameniona, akajifanya anaangalia mawingu. Mwanamke mwema yule. Nimemkosea sana.

Ijumaa, 20 Juni

Nimeisoma ile sheria mwenyewe, neno kwa neno. Inaifunga Mamlaka. Kuhusu kamati ya soko letu haisemi kitu! Uchaguzi wa kamati ni mwezi ujao. Nikiwa mwenyekiti, nitaweka ada kwa wanaouza miche upande wa kushoto wa barabara. Upande wa kushoto yuko mtu mmoja tu.

Fomu inataka sahihi ya mfanyabiashara mwenzangu. Nimempelekea Nyabate. Amesaini bila swali, maskini! Kisha akanitolea fomu yake, akaomba nami nimsainie. Nimesaini mbio asije akaitaka ile yangu aisome. Yake ni ya kiti gani, sikuangalia.

Mwanamke huyu siasa haijui kabisa.