Pacha wa Kompyuta ya Mezani

Dickson alikuwa anakwenda zake Ruangwa, na Mungu ni shahidi kwamba hakuwa na nia mbaya na mtu yeyote wa Nachingwea. Alishuka stendi kunywa chai tu. Lakini chapati haijafika nusu, akaona watu wamejaa mbele ya duka la kuchapisha karatasi. Walikuwa vijana waliopata nafasi vyuoni, pamoja na wazazi wao, kila mmoja akitoka na fomu ya kujiunga ambayo bado ina joto la mashine. Dickson alijisogeza akachungulia moja begani kwa mwenye nayo. Katikati ya ukurasa aliona maneno yaliyomfanya aisahau chapati: mwanafunzi aje na kompyuta mpakato.

Akawatazama wale wazazi. Hela ya ufuta ilikuwa bado ipo mifukoni, na hakuna hata mmoja aliyewahi kununua kompyuta maishani mwake. Moyo ulimjaa. Wapo watu wanaoguswa na kwaya, wapo wanaoguswa na mtoto mchanga. Dickson aliguswa na mnunuzi wa mara ya kwanza.

Muda si mrefu akawa ameshusha mzigo wake kwenye basi na kukodi nafasi barazani kwa Mzee Harithi, muuza magodoro. Juu ya meza aliweka kompyuta moja nyeusi, nyembamba, inayowaka kabla hujamaliza kukaa. Nyuma yake alipanga maboksi yaliyofungwa vizuri kwa nailoni. Ndani ya maboksi hayo kulikuwa na kompyuta kweli. Dickson hakuwa mtu wa kuuza tofali, alikuwa na heshima zake. Ila kompyuta hizo zilikuwa zimekufa zamani, nyingine hata matumbo hazina, na zilikuwa zimefutwa vumbi kwa upendo.

Wa kwanza kufika walikuwa Mwamini, mkulima wa Chiola, na binti yake Faudhia. Faudhia alikuwa amepata chuo Mtwara, anakwenda kusoma takwimu, na chuo kinafungua Jumatatu. Ufuta wa mwaka mzima ulikuwa kwenye pochi ya mama yake. Wangeweza kununua kompyuta moja. Wakikosea, ya pili haipo.

"Karibu mama. Karibu dada msomi," alisema Dickson. "Uliza chochote."

Faudhia aliuliza. Alikuwa ameshinda wiki nzima kwenye simu akijifunza namna ya kuchagua. Aliuliza ukubwa wa kumbukumbu, akataka kuuona kwenye kioo wala si kuambiwa. Alichomoa chaja aone betri inashukaje. Alibonyeza kila kitufe, akafungua na kufunga kioo kusikiliza bawaba, akaweka kiganja chini kupima joto.

Dickson alimtazama kwa furaha isiyo na unafiki. Aliwapenda sana wateja wanaojua maswali. Asiyejua kitu huogopa na kuondoka, lakini huyu alikuwa anajipa imani mwenyewe, na imani hiyo ingehamia kwenye boksi bila gharama yoyote.

"Mama, hii ni nzuri," Faudhia alisema.

"Nyie wenyeji wa hapa hapa?" Dickson aliuliza.

"Wamwera," alijibu Mwamini.

"Wamwera!" Dickson alipiga makofi. Habari za utani wa Wamwera na Wangoni alikuwa amezisikia kwa abiria mwenzake asubuhi, akaziweka akiba. "Basi mmefika nyumbani. Mimi Mngoni. Mababu zenu walikuwa wakisikia tunakuja wanaingia porini bila viatu."

Barazani, wazazi waliokuwa wameanza kujipanga foleni walicheka. Mngoni na Mmwera ni watani, na mtani hutukana bila kukosa adabu, huchukua kuku wako bila kuwa mwizi. Ukikasirika, wewe ndiye mwenye kosa.

"Walikuwa na mbio," alisema Mwamini. "Ndiyo maana mpaka leo mnatufuata na maboksi."

"Kwa ajili ya utani huo nakupunguzia. Laki tatu na nusu."

Mwamini alifungua pochi, akahesabu polepole, akamkabidhi. Dickson alizitia ndani ya koti, akageuka, akachukua boksi.

"Tupe hii ya mezani," alisema Mwamini.

"Hiyo imetumika, mama. Mtani wangu siwezi kumuuzia kilichotumika. Ya kwako ni hii mpya. Pacha wake. Walitoka kiwandani siku moja."

"Lifungue tuione."

"Hapo sasa." Dickson alishusha sauti kama daktari. "Ikitoka safari ndefu inatakiwa kupumzika siku tatu ndani ya boksi. Ukiifungua mapema, programu zinaingia vumbi."

Faudhia alimtazama mama yake. Hilo halikuwa popote katika mambo aliyosoma.

"Mimi nikipeleka ufuta ghalani," Mwamini alisema, "wanalichoma gunia langu kwa bambo, wanatoa ufuta wa ndani, wanautazama. Hawajawahi kuchoma gunia la jirani wakasema la kwangu ni pacha wake."

"Mama, ufuta na kompyuta ni vitu viwili."

"Kwa hiyo ni sawasawa, hii na ile?"

"Sawasawa kabisa. Tena ya boksi imeizidi."

"Unaapa?"

"Naapa mbele ya mzee hapa."

Mzee Harithi aliinua kichwa kutoka kwenye godoro alilokuwa analishona. "Nimesikia," alisema.

"Vizuri," alisema Mwamini. "Biashara imekwisha, sasa utani." Akaifunga kompyuta ya mezani, akaikumbatia kifuani. "Mngoni, nimeteka."

Watu walilipuka kwa kicheko. Dickson naye alicheka, kwa sababu alilazimika.

"Haya mtani, nirudishie."

"Nimekuachia pacha wake. Mpya, bora kuliko hii, umeapa mwenyewe. Sisi watu wa shamba tumezoea vilivyotumika."

Dickson alipiga hesabu haraka. Akisema hazifanani, ameapa uongo. Akikasirika, si mtani.

"Lakini hiyo ni yangu ya kazi," alisema hatimaye.

"Mzee Harithi," aliita Mwamini, "Mngoni anakasirika."

"Hajakasirika," alisema mzee. "Mngoni gani anakasirikia utani? Umekasirika, kijana?"

"Hapana, mzee."

"Si nilisema."

Faudhia aliifungua kompyuta tena mapajani mwa mama yake. Kioo kilikuwa kimejifunga. "Kaka, neno la siri?"

Dickson alitazama chini. "Nitakutumia kwenye simu."

"Niambie tu. Chuo kinafungua Jumatatu."

Alimwinamia, akamnong'oneza. Faudhia alikunja uso.

"Sijasikia. Rudia."

Akanong'ona tena.

"'Washamba'?" alisema Faudhia kwa sauti safi ya mwanafunzi anayehakikisha. "Yote herufi ndogo?"

Wazazi wote waliokuwa kwenye foleni walimtazama Dickson.

"Yote ndogo," alisema Dickson. "Ni utani tu, watani zangu."

"Utani mzuri," alisema Mzee Harithi, akiweka sindano chini. "Basi na sisi tukutanie. Hawa wote wanataka kununua, ila wanaogopa zile siku tatu. Kaa hapa nasi. Utakula, utalala, magodoro ninayo. Siku zikitimia tunafungua maboksi yote pamoja, wewe ukiwepo."

Wazazi waliona ni wazo la busara. Mmoja aliahidi ugali na kisamvu.

Dickson aliwashukuru kwa ukarimu wao, akasema anakwenda kujisaidia mara moja. Alipita nyuma ya duka, akatokea barabarani, akarukia bodaboda. Maboksi yake yote yalibaki barazani yakipumzika.

Faudhia hakumwona akiondoka. Alikuwa ameinama, anabadilisha neno la siri, na mama yake aligeuza uso pembeni kwa heshima ili asilione.

"Umeweka nini?" Mwamini aliuliza baadaye.

"Siri, mama."

"Safi. Hata mimi usiniambie."

Huko njiani, walipokaribia Nkowe, dereva wa bodaboda alimtupia abiria wake jicho kwenye kioo. Abiria hakuwa na mzigo, na alikuwa na uso wa mtu aliyefiwa.

"Bosi, vipi? Umeibiwa?"

"Hapana. Nimeuza kompyuta."

"Ikawa mbovu, wakakufukuza?"

Dickson alitazama mikorosho ikipita. Katika miaka yake yote ya kazi, hili halikuwa limewahi kumpata.

"Nimeuza nzima," alisema.