Jiwe la Mutoshi kwa gari ya Polycarpe

Jumatatu, tarehe 3 mwezi wa pili

Gari ya marehemu bwana yangu Polycarpe haina ugonjwa. Naandika wazi, maana Kapinga anatangaza mtaani eti inakufa. Kapinga ndiye aliyemuzaa baba ya kijana anayemuoa mujukuu yangu Mignonne Jumamosi hii. Wako na jeep, nyeupe kama meno ya kununua. Anataka bibi harusi afike kanisani ndani yake.

Hapana! Mignonne alikuwa na miaka sita wakati Polycarpe alimuambia: utaenda kwa ndoa yako ndani ya gari hii. Muzee alienda. Neno lake lilibaki kwangu.

Kweli, kuko taa ndogo nyekundu mbele ya usukani, na picha ya batri. Haizimike. Taa za mbele zimefifia. Klaksoni inalia kama mbuzi mwenye mafua. Kitu kidogo.

Jumanne, tarehe 4

Gari haikuwaka. Kosa ni ya batri. Nimejua mara moja.

Nilienda kwa tata Ntambwe, mukubwa wa koro ya parokia. Wako na batri ya kupaza sauti ya baimbaji. Nilimuambia ni kwa kazi ya Bwana. Aliuliza bwana gani. Nilimuangalia mpaka akanipa, lakini irudi Alhamisi.

Gari ilinguruma! Nilipita mbele ya nyumba ya Kapinga mara tatu, klaksoni juu. Mara ya tatu mbuzi alirudi na mafua yake. Gari ikazimika. Mbele ya mulango yake!

Kapinga alitoka na kiti. Alinikalisha, akaita bapita njia: ba tata, ba mama, mukuje muone gari ya bibi harusi! Nilikaa, miguu iliuma. Nilikula karanga zake. Zilikuwa tamu. Siandike uongo.

Jumatano, tarehe 5

Nimepata!

Kila siku malori yanapita hapa Kolwezi na mawe ya kutengenezea batri za magari ya ugenini. Na batri yangu inakufa njaa karibu na sufuria! Nilimutuma Ngoyi, mutoto ya dada yangu, anachimba kule Mutoshi. Aliniletea jiwe moja ya kobalti, nyeusi, zito. Nililifunga juu ya batri na kipande cha kitenge. Ikule sasa.

Mignonne alilia. Ananiita nkambo kama bajukuu bote, anasema twende tu na jeep. Nilimukalisha katikati ya magoti yangu kama zamani, nikamusuka upya, nikamulisha bukari na samaki mpaka akanyamaza. Nilimuambia: utafika. Hata kama ni mi nitasukuma.

Alhamisi, tarehe 6

Banaume sita balisukuma. Iliwaka! Jiwe lilikuwa linafanya kazi. Kisha, pa! Lilianguka juu ya mukanda wa mashini, mukanda ukakatika.

Alikuja Omer, fundi ya magari. Alishika jiwe muda murefu. Aliuliza nani alitia hii. Nilisema upepo.

Aliweka mukanda mupya, akawasha, akagusa batri na kamashini ka kupimia umeme. Mi sikusoma shule, lakini namba najua: kumi na mbili. Omer alisema mashini ikizunguka inapaswa kufika karibu kumi na ine. Batri inatunza tu umeme, anayeutengeneza ni alternata. Yako hailete kitu, mama. Kila batri unayoleta, gari inaikunywa mpaka inakauka. Taa nyekundu ilikuwa inasema vile tangu Jumatatu, juu ya nini hukuniita? Nilimuuliza kama amekula.

Alifungua alternata. Ndani kuko bipande bibili bieusi bya kusugua. Vilikuwa vimeisha, vimebaki kama kucha ya mutoto. Alitia bipya. Kumi na ine! Taa ikazimika.

Lakini mi niliona vizuri. Bipande bieusi. Bigumu. Nilisema nini Jumatano? Gari ilikosa jiwe nyeusi! Omer anasema ile ni makala kama ya jiko, ya kubanwa, hapana kobalti. Batoto ba leo banapenda ubishi.

Jumamosi, tarehe 8

Mvua kubwa. Bya kupangusa kioo vilikimbia, taa zilikata mvua, klaksoni ililia kama ng'ombe dume!

Na jeep? Tangu asubuhi iliwekwa mbele ya mulango, taa na muziki, bapita njia baone. Saa ya kutoka, jeep ilisema tik, tik, basi. Kapinga alisimama na viatu vyake vya dhahabu ndani ya matope. Nilifungua mulango ya gari yangu. Nilimuambia ingia, mama, usilowe, leo tumekuwa ndugu.

Kanisani Mignonne alishuka kavu, kama malkia. Nililia. Kapinga alilia. Tulishikana mikono.

Koro iliimba na koo tu, maana batri yao ilikuwa ingali ndani ya gari yangu. Tata Ntambwe aliniangalia misa nzima.

Jumapili, tarehe 9

Jeep ya Kapinga ingali imelala. Omer anasema batri yake inahitaji kuchajiwa tu, usiku moja. Omer anajua nini? Nilimupelekea Kapinga jiwe langu, nikalifunga mi mwenyewe, mara hii na kitenge nzima na mafundo matano. Alinishukuru sana. Karanga tena.

Kurudi, taa ingine nyekundu iliwaka mbele ya usukani. Hii iko na picha ya birika, inatona tone moja ya mafuta.

Kitu kidogo.