Namba Sita za Baba Mkwe

Ushirika wa Wakulima wa Parachichi Tusimame,
Chumba cha Daftari (mlango wa nyuma),
Mbalizi, Mbeya.
Jumatano, 14 Mei 2025

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti wa Ushirika,
Mzee .............................. (jina lako atalijaza Obeid mlinzi kwa kalamu),
Chumba cha mwisho koridoni.

Nakala: Mama mkwe, nyumbani.

YAH: OMBI LA KUONDOA ULINZI WA KOMPYUTA KABLA HAUJAVUNJA NYUMBA

Mheshimiwa Mwenyekiti, shikamoo baba.

Kichwa cha habari hapo juu kinajieleza, lakini nitakifafanua, maana mimi ni karani na karani hulipwa kwa kufafanua.

Mimi ni Damari, karani wa daftari la wakulima hapa ushirikani. Pia ni mke wa mwanao Lutengano, kwa hiyo ni mkamwana wako. Vyeo hivi viwili viliishi kwa amani ndani ya mtu mmoja mpaka alipofika Ndugu Liberatus.

Najua Wanyakyusa wengi wa mjini siku hizi wamelegeza, mkamwana na baba mkwe wanapanda gari moja na kuulizana habari za mvua. Nyumba yetu haijalegeza. Tangu niolewe, miaka kumi na moja sasa, sijakutazama usoni, sijasema nawe neno, wala jina lako halijapita mdomoni mwangu. Nakufahamu kwa kikohozi chako na kwa mlio wa fimbo yako. Nikiusikia koridoni naingia nyuma ya kabati la mafaili, nawe unakohoa mara mbili kunipa nafasi. Hiyo ndiyo heshima niliyofundishwa na ninaitunza kwa moyo wangu wote. Kuhusu barua hii nilimuuliza mama mkwe kwanza kama nayo ni kosa, akasema karatasi haina macho.

Ndugu Liberatus ni mtaalamu wa kompyuta kutoka Igowole. Aliletwa kwa sababu mnunuzi wetu wa nje anataka kompyuta za ushirika zitimize masharti ya usalama, na pia anataka daftari la wakulima wote mia nne na kumi na wawili limfikie kabla ya Ijumaa saa kumi jioni. Lisipofika, matunda yetu hayapandi lori, na msimu huu nguruwe wa Mbalizi watakula parachichi za daraja la kwanza. Daftari hilo ninalo mimi, na tangu Jumatatu sijaweza kulifungua. Nina hofu, baba. Basi naomba usome malalamiko yangu.

1. Zamani kompyuta zote tano zilikuwa na neno la siri moja. Lilikuwa jina lako, likifuatiwa na mwaka ushirika ulipoanzishwa, na liliandikwa kwenye kalenda ya ukutani ili mgeni asihangaike. Wapangaji wa matunda walilijua, madereva walilijua, hata fundi wa mizani. Mimi peke yangu sikuweza kulitamka wala kulichapa, kwa hiyo kila asubuhi Obeid aliweka rungu lake chini akanichapia. Ndugu Liberatus alipoiona ile kalenda alikaa kwenye kreti akashika kichwa. Lakini naomba kuuliza kwa unyenyekevu: kati ya wafanyakazi wote, ni nani aliyeitunza siri? Ni mimi. Hata majambazi wangenipiga, nisingelitaja. Kama kila ofisi ingechukua jina la baba mkwe wa karani wake kuwa neno la siri, wezi wa mtandaoni wangerudi kulima.

2. Skrini sasa inajifunga yenyewe baada ya dakika tatu. Naambiwa ni kwa ajili ya mtu mbaya anayeweza kupita. Nimechunguza wanaopita: ni Yunisi wa chai na kuku wa jirani. Kutoka mezani kwangu hadi kwenye mizani ni dakika mbili kwenda na mbili kurudi, kwa hiyo kila nikitoka kusoma uzito, nikirudi mtu mbaya ni mimi.

3. Hapa ndipo penye kilio chenyewe. Daftari la wakulima, na hata mashine ya kuchapa, havifunguki mpaka ziingizwe namba sita zinazotumwa kwenye simu ya msimamizi mkuu. Msimamizi mkuu ni wewe. Namba hizo zinaishi sekunde sitini, kisha zinakufa. Na simu yako imefungwa kiasi kwamba ujumbe hauonekani mpaka uweke kidole gumba, kwa hiyo haiwezi kuletwa kwangu bila gumba kuja nayo, na gumba lina mwenyewe.

Njia tuliyobuni unaijua kwa upande wako. Kwa upande wangu iko hivi. Nabonyeza. Simu inalia chumbani kwako. Unatafuta miwani, ambayo imo kwenye koti, na koti liko kwenye msumari. Unamsomea Obeid. Obeid hawezi kupita koridoni, maana nimepanga pale ndoo na mafagio ili tusije tukakutana kwa bahati mbaya. Basi anazunguka nje, anakatiza katikati ya akina mama wanaopanga matunda, anafika dirishani kwangu na kupaza sauti: "Dada Damari! Tano! Mbili! Sifuri! Hiyo ya nne mzee anasema ni tisa au saba, chukua unayoipenda!"

Jana tulifanya hivyo mara kumi na moja. Kufikia mchana vijana wa bodaboda wa hapo nje walikuwa wananisaidia kukumbuka. Mama mmoja aliyekuja kuchukua matunda yaliyooza kwa ajili ya nguruwe wake aliniambia nimekosea namba ya tatu, na kweli nilikuwa nimekosea. Siri hii ya ushirika sasa ina wasikilizaji wengi kuliko kwaya, na bado daftari halifunguki, kwa sababu namba zikinifikia zimeshakufa.

Nilimweleza Ndugu Liberatus tatizo. Alinisikiliza kwa adabu, maana hata kwao wakwe wanaheshimiwa, kisha akasema dawa ni rahisi: mzee avute kiti, akae karibu yangu na simu yake mkononi. Nilishika ukuta, baba.

4. Niliomba namba zielekezwe kwenye simu nyingine. Akasema inawezekana kabisa, ila lazima kuwe na azimio la bodi. Bodi inakaa Agosti. Na azimio likishapatikana, ili kubadilisha, mtambo utaomba kwanza namba sita.

5. Mlangoni kwangu imebandikwa karatasi kwamba kompyuta yangu imepata alama tisini na nne kwa mia katika kutimiza masharti. Hii ni kompyuta ambayo haijafanya kazi yoyote tangu Jumatatu. Nilipouliza zile alama sita zimepotelea wapi, nilijibiwa kwamba ni kwa sababu bado kuna mtu anaitumia. Kwa hesabu yangu, tukiifungia stoo na ufunguo tukautupa mtoni, tutapata mia na cheti juu yake.

6. Karatasi nyingine, yenye maandishi mekundu USIMWAMINI MTU YEYOTE, imebandikwa chini ya picha yako pale mapokezi. Wageni wanadhani umesema wewe. Mzee wa kanisa!

Kwa sababu hizo, Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba yafuatayo, kwa mpangilio wa wepesi wake.

Kwanza, ulinzi wote uondolewe na kalenda irudishwe ukutani. Tangu ushirika uanze hatujaibiwa hata kreti moja. Aliyewahi kuingia bila ruhusa ni mbuzi, na huyo neno la siri lisingemzuia.

Ikishindikana, Ndugu Liberatus arekebishe mtambo utambue ukoo. Kama unaweza kumtambua mtu kwa kidole gumba, hauwezi kushindwa kutambua kwamba huyu ni baba mkwe na yule ni mkamwana, ukatuma namba kwa mama.

Ikishindikana hiyo pia, naomba, kwa machozi lakini kwa nia njema, ndoa yangu na mwanao isimamishwe kwa siku tatu, kuanzia leo hadi Ijumaa saa kumi na dakika tano jioni. Katika muda huo nitakuwa karani tu, mtoto wa watu, na tutaweza kukaa meza moja mpaka daftari liende. Lutengano nimemweleza. Aliuliza kama chakula nacho kinasimamishwa, nikamwambia ndiyo, akasema basi atarudi kwa mama yake. Sijui wazee wetu wataiita nini talaka ya namna hii, lakini wazee hawakuwahi kutumiwa namba zinazokufa kwa dakika moja. Ng'ombe wa mahari wasirudishwe, wakae palepale, tusije tukawachosha kwa safari ya siku tatu.

Mpe mama salamu zangu na umwambie maharage nimeyaloweka. Wasalimie mawifi wote, na umuulize shangazi wa Tukuyu goti lake likoje. Obeid naye msalimie. Mpe pole ya koo, maana tangu jana hana sauti.

Ni mimi, nikiwa katika utii na nyuma ya kabati,

Damari
Karani wa Daftari

N.B. Haya naongeza kwa kalamu, maana skrini imejifunga tena.

Nilipotaka kuitoa barua hii kwenye karatasi, mashine ya kuchapa iliomba namba. Obeid alikuwa ameenda msibani. Namba za kwanza zikafa, za pili nazo zikafa. Nilikuwa nimeinamia meza nikiwaza wakulima mia nne na kumi na wawili, niliposikia ndoo na mafagio vikisogezwa kwa fimbo. Nikaingia nyuma ya kabati. Ukasimama upande wa pili wa mlango bila kuufungua, ukakohoa mara mbili, ukaniambia nibonyeze. Nikatoka, nikabonyeza. Nadhani miwani ulikuwa umeshaivaa. Ukasoma: "Nne. Sifuri. Sita. Moja. Moja. Nane." Polepole, kila moja peke yake, kama mtu anayepokea mayai. Kisha ukauliza, "Imekubali, mwanangu?" Nami nikasahau yote niliyofundishwa, nikajibu, "Imekubali, baba."

Yaliyofuata unayajua, lakini nayaandika ili yabaki. Daftari nalo liliomba namba zake, na hizo niliziomba mwenyewe, kwa sauti yangu. Ulinisomea mara mbili. Limeondoka saa tisa na dakika ishirini, wakulima wote, wewe ukiwa wa kwanza. Hatukuonana, kwa hiyo heshima iko palepale, ila nimelia. Miaka kumi na moja nilidhani una sauti kali.

Kwa hiyo naomba malalamiko namba moja hadi sita yahesabiwe kuwa hayajaandikwa, na ndoa yangu iendelee. Mwambie Ndugu Liberatus asiguse kitu chochote. Na kama mtambo unaruhusu, azifanye namba ziwe nane.