Ukuta Uliojaa Bunduki

Jumatatu, 3 Juni

Bunduki ya Mjomba inapiga kushoto. Msimu uliopita alilenga swala, akapiga kichuguu. Kitako nacho kina ufa, pale mkono unaposhika. Safari ya kuwinda ni Jumamosi ya wiki ijayo, na kwenye pikapu imebaki nafasi moja. Leo mezani ametangaza: kati yangu na binamu yangu, atakayempata fundi bunduki wa kuaminika ndiye atakayeikalia. Yeye mwenyewe hajiamini kuchagua. Mtu akicheka utani wake tu, tayari ni rafiki.

Naitaka nafasi ile kuliko kitu chochote. Sijawahi kutoka nje ya mji huu ila kwenda kung'olewa jino.

Binamu tunamwita Redio, kwa sababu hazimiki. Palepale akasema ataulizia kwa watu. Kuulizia! Ndivyo wafanyavyo wasio na mbinu. Mimi ninazo mbinu. Shida ni kwamba nikizungumza na mgeni masikio yanawaka moto.

Jumanne, 4 Juni

Mafundi wako wawili, mtaa mmoja, maduka yanatazamana. Nimeshinda kwenye benchi la kinyozi, nikijifanya nasubiri zamu. Nami nina misuko kichwani. Kinyozi amenitazama sana.

Duka la kwanza ni la Fundi Tai, anayevaa tai hata akishika msumeno. Ukuta mzima umejaa bunduki za wateja, zimefungwa kwa mnyororo, nyingine zimekosa nafasi zimelazwa kabatini. Anapendwa huyu.

La pili ni la Mama Msasa, mwenye vipande vya msasa kila mfuko wa aproni. Rafu yake tupu. Mtu anaacha bunduki asubuhi, jioni anakuja kuichukua, anaondoka anatabasamu. Nadhani wanabadili mawazo, halafu wanatabasamu kwa adabu. Nimemwonea huruma.

Jumatano, 5 Juni

Niliandaa maswali kwa lugha ya shuleni, asubuhi nikayageuza kwa lugha ya nyumbani. Mlangoni kwa Fundi Tai nikayasahau kwa lugha zote mbili. Nikauliza choo kiko wapi. Akanionyesha kwa heshima zote, akaniita mheshimiwa.

Nikiwa huko nikamsikia mzee mmoja anaulizia bunduki yake. Fundi Tai akasema Ijumaa, mkubwa wangu, ondoa shaka. Mzee akauliza Ijumaa ya mwaka gani, maana siku alipoileta, mjukuu wake alikuwa anatambaa na sasa anavunja vioo vya jirani kwa mpira. Fundi Tai alicheka sana. Mzee sikumsikia akicheka, lakini mlango wa choo ni mzito. Ni watani wa siku nyingi, inaonekana.

Alhamisi, 6 Juni

Tumekwenda wote watatu, Mjomba amebeba bunduki kwenye mfuko wake.

Kwa Mama Msasa kwanza, kwa sababu Redio anadai kila mwindaji aliyemuuliza amemtaja yeye. Sikupendezwa. Mjomba alimwambia haina risasi. Mama akasema sawa baba, halafu akafungua komeo la chumba cha risasi, akachungulia, akaingiza na kidole. Yaani Mjomba mwongo? Kisha akadai kibali. Kisha akachukua kipande cha karatasi, akakipitisha kati ya mtutu na mbao. Kikakwama. Akasema mbao imevimba kwa mvua, inausukuma mtutu, ndiyo maana risasi inakwenda kushoto. Mtutu wenyewe mzima, usiguswe. Atakwangua mbao, ataziba ufa, basi.

Basi! Fundi gani anakataa kazi? Na karatasi? Hii ni bunduki, si daftari.

Fundi Tai alimkaribisha Mjomba kwa mikono miwili. Hakuchungulia komeo. Aliielekeza dirishani ili aangalie kwenye darubini yake ya kulengea, muuza mayai aliyekuwa akipita akachuchumaa na trei zake. Mtu anayejiamini. Akasema mtutu ubadilishwe, darubini ibadilishwe, na masharubu ya Mjomba yanafanana na ya jenerali. Mjomba akatoa utani wake wa swala na kichuguu. Fundi Tai alicheka mpaka akafuta macho kwa tai.

Mjomba akanigeukia, akaniuliza mwanangu, wewe uliyefanya uchunguzi, wasemaje? Nilimnyooshea kidole Fundi Tai. Redio alishika kichwa. Kazi itakuwa tayari Jumatano.

Jumatano, 12 Juni

Haiko tayari. Iko ukutani, imeanza kutandwa na vumbi. Fundi Tai akasema Ijumaa, jenerali wangu. Mjomba akauliza Ijumaa hii? Fundi Tai akatazama dari. Mjomba akaomba ufunguo wa mnyororo, akaishusha mwenyewe, akavuka barabara bila kuniangalia.

Nafikiri tumeharakisha. Mtu mwenye kazi nyingi anahitaji kuvumiliwa.

Ijumaa, 14 Juni

Imekamilika. Mama Msasa alikwangua mbao juzi ileile, akaziba ufa kwa gundi, akaibana kwenye jiriwa mpaka leo. Mjomba alikwenda uwanja wa shabaha akarudi na karatasi yenye matundu matatu yanayofunikwa na kisoda kimoja. Ameibandika kwenye friji. Nafasi amepewa Redio, ambaye ameshaeleza mara kadhaa jinsi alivyoipata.

Nililia kidogo bafuni, nikamaliza. Maana jana Mjomba alinituma nikatazame kazi imefika wapi, na Mama Msasa hakuniuliza kitu. Alinisogezea kigoda, akanipa msasa na kipande cha mbao. Tumesugua mbao mchana kutwa. Masikio hayakuwaka. Wakati naondoka akasema, binti, ukipenda njoo tena. Nimeifikiria sentensi hiyo njia nzima.

Sijui kwa nini mtu mwema hivi hana wateja. Rafu bado tupu.

Jumamosi, 15 Juni

Pikapu imekataa kuwaka. Tumeisukuma mpaka kwenye kona, Mjomba anatoa maelekezo, Redio anayarudia. Wapi. Safari imesogezwa hadi Jumamosi ijayo. Mjomba amekaa kwenye bampa, akasema nafasi inashindaniwa upya: sasa ni nani atampata fundi magari wa kuaminika.

Redio ameshaondoka kuulizia kwa watu. Masikini.

Mimi nimeshampata, hata saa sita haijafika. Gereji yake imejaa magari mpaka yamemwagika barabarani. Mengine yameota majani hadi madirishani. Kwenye kiti cha dereva cha gari moja kuku ameatamia mayai, na mwenye gari hajaja hata kumfukuza. Mtu hawezi kumwachia fundi gari lake namna hiyo kama hamwamini kwa moyo wote.

Leo nitalala vizuri.