Kaloli Wangu na Korongo wa Adyero

Jumatatu, 15 Septemba
Adyero tena! Leo Dkt. Ocira, mwalimu wetu wa uhifadhi, ametangazia darasa zima kwamba Adyero amegundua korongo taji wakitaga kwenye kinamasi cha Luzira. Makofi. Hata Zahara kapiga makofi! Mimi nilipowasilisha mada ya mmomonyoko wa udongo, Zahara alipiga miayo. Na kuna nafasi moja tu ya kwenda mbuga ya Murchison na watafiti watakaotutembelea chuoni Ijumaa. Adyero ana bahati, basi. Baba yake polisi, wanakaa kambini Luzira, ndege wako nyuma ya jiko. Kwetu Kisenyi nyuma ya jiko kuna gereji.

Jumanne, 16 Septemba
Nimepata! Kaloli! Wale korongo wenye vipara wanaokula taka mjini kote. Nimemwambia Dkt. Ocira kwamba nimewazoesha, wananijua, na Ijumaa watashuka uwanjani mbele ya watafiti. Akauliza kama nina hakika. Nikasema kabisa. Sijawahi kumkaribia kaloli hata mmoja.

Alhamisi, 18 Septemba
Nimekwenda kwenye bucha ya mjomba Rayyan kuomba matumbo ya ng'ombe. Akauliza chuoni nasomea nini hasa. Maliasili, nikamjibu.
“Na matumbo nayo ni maliasili?”
Nikasema ndiyo, mjomba. Akanipa gunia zima. Mama kasema gunia lisilale ndani. Dada yangu Kulthum kasema hata mimi nisilale ndani.

Ijumaa, 19 Septemba
Balaa! Nilimwaga matumbo, akatua kaloli mmoja. Nikainua mikono kama ninayemwamuru. Zahara akatabasamu! Kisha wakaja wengine. Wa Kampala nzima, nadhani. Matumbo yakaisha, wakageukia chakula cha wageni. Mmoja kameza rolex nzima, chapati, mayai na karatasi yake. Mwingine kanikimbiza hadi ngazi za maktaba, kaning'ang'ania suruali. Adyero akafungua mwavuli, akawasogelea polepole hadi wakarudi nyuma. Na nani kashika mwavuli wa pili? Zahara!
Dkt. Ocira kaniuliza kwa upole wa kutisha, “Junaid, hawa ndio wanaokujua?”

Jumapili, 21 Septemba
Nafasi kapewa Adyero. Leo kaja mwenyewe hadi Kisenyi. Kamwamkia mama vizuri, mama kamkaribisha chai, kikombe cha wageni! Kisha akaniambia amemwomba Dkt. Ocira nami niende, nimsaidie kubeba vifaa. Ati bidii ninayo, ila naielekeza pabaya. Zahara naye anakwenda, kuandika kumbukumbu.
Nilitaka kukataa. Wema wa namna hii hauvumiliki, hasa mbele ya mama. Lakini Zahara siku tano porini na Adyero, bila mimi? Nimekubali.
Kosa langu la Ijumaa nimeshaliona. Nilichagua mnyama mdogo mno.
Murchison kuna viboko.