Supu Iliyopotelewa na Samaki

Jumatatu, 4 Juni 1979

Habari kubwa! Mzee Moringe, mpishi mkuu wa nyumba ya wageni ya shamba letu la kahawa hapa Oldeani, amestaafu. Nafasi iko wazi. Wapishi wasaidizi tuko wawili tu: mimi, miaka kumi na miwili jikoni, na Clemensi, miaka minne na kujipendekeza kwingi. Mpishi mkuu hupewa nyumba ya matofali yenye dirisha la kioo. Mama Patrisi, mke wangu, amelitamani dirisha hilo tangu tuoane. Nimemwahidi mara nyingi mno.

Meneja mpya katuita. Mtu wa Ukerewe, kisiwani kwa wavuvi. Kasema nyama imemchosha. Anataka supu ya samaki, nyanya na majani mabichi yanayonukia, kama ya mama yake. Jumamosi ataonja ya kila mmoja wetu. Atakayemrudisha nyumbani kwa kijiko ndiye mpishi mkuu.

Nimejibu papo hapo kwamba samaki ni kazi yangu ya kila siku. Sijawahi kumgusa samaki. Kwetu hatuli. Clemensi naye hajawahi, lakini kakiri mbele ya Meneja. Mjinga!

Jumanne, 5 Juni

Majani gani? Meneja hakutaja. Kumuuliza ni kujivua nguo. Nimezunguka shamba zima nikinusa kila kijani. Ajabu! Jani la nyanya linanuka kuliko nyanya yenyewe. Kwa nini? Jani la kahawa halinuki kahawa hata kidogo. Miaka kumi na miwili nimepita hapa na sikujua. Germana wa bustani ya mboga kanikuta nimepiga magoti, pua ndani ya kabichi, akauliza kama nina mimba.

Nimechagua giligilani. Harufu yake inapanda hadi kwenye paji la uso. Germana ana tuta moja tu. Nimelitia akilini.

Jumatano, 6 Juni

Samaki wamepatikana! Nikolaus, dereva wa lori la vitunguu, leo anakwenda Baray, upande wa Ziwa Eyasi, na kesho anarudi. Kanambia kuleta samaki mzima si mchezo, labda kwa jogoo. Nimempa jogoo mwekundu. Jogoo ni wa Mama Patrisi. Nimemwambia kachukuliwa na kicheche. Kahuzunika sana. Nami nimehuzunika naye.

Nimemwomba Nikolaus asimwambie Clemensi. Kumbe Clemensi keshaagiza wake tangu asubuhi. Bila jogoo! Alimwomba tu.

Alhamisi, 7 Juni

Kafika ndani ya gunia bichi. Anaitwa kambare. Mzima! Ana masharubu marefu kuliko ya karani wetu. Hana magamba, hana shingo. Nimemtia kwenye karai la kuogea nikakaa kumtazama karibu saa nzima. Anapanda juu, anameza hewa, anashuka. Hivi anajua kama mvua inanyesha?

Mama Patrisi kaja kuoga. Yowe lake limefika kiwandani. Kasema mdudu huyo haingii jikoni mwake wala sufuriani mwake hadi kiama. Kisha kaniuliza, kwa upole ulionitisha, ni kicheche wa aina gani anayepanda lori. Jogoo wake kawika ndani ya lori la Nikolaus mbele ya watu wote.

Nikolaus katupa ushauri bila kuombwa: nyanya na kitunguu viive kwanza, kisha samaki, robo saa, basi. Clemensi kaandika yote kwenye pakiti ya sigara. Mimi nimecheka moyoni. Robo saa! Nyama ya ng'ombe inataka saa tatu, na ng'ombe hana hata masharubu. Huu ni mtego. Clemensi kaingia mzima mzima.

Ijumaa, 8 Juni

Nimevuna giligilani yote ya Germana. Yote! Clemensi hana jani. Nimeificha chini ya godoro.

Mchana nimemwona akikata mchaichai mlangoni kwake na kitunguu majani nyuma ya nyumba. Kapiga mluzi. Anajikaza, maskini.

Jumamosi, 9 Juni

Siku mbaya.

Giligilani imelaliwa. Imekuwa nyeusi na inanuka godoro. Nimeitia hivyo hivyo. Moto nje, mafiga matatu, sufuria ya kuazima kwa Germana, ambaye hajaenda bustanini bado. Saa tatu asubuhi kambare kaingia, vipande sita, na nyanya kumi. Nimekaa hapo hapo kulinda. Nimeinuka mara moja tu, kutafuta kuni. Saa nne Clemensi kapita kuomba chumvi. Kumbukeni hilo.

Saa sita nimefunua. Samaki hayupo! Nimekoroga. Hayupo! Supu nyekundu nzito, na chini mifupa. Mwizi wa dharau ya ajabu: kala nyama, karudisha mifupa!

Nimemkimbilia Clemensi nikamtaka afungue kinywa. Kafungua. Meno safi. Kapiga mswaki, mjanja.

Imebaki saa moja. Nifanyeje? Nimetumbukiza nyama ya ng'ombe ya jana.

Meneja kaanza na ya Clemensi. Vipande vyeupe, vizima, majani juu. Kafumba macho. Nikadhani kasinzia. Kasema mama yake hakutia mchaichai, lakini mengine yote ni yeye. Kafuta macho kwa leso.

Kisha yangu. Kachota kipande, kakitafuna muda mrefu, kauliza, "Ndugu Inosenti, hiki ni nini?"

Nimejibu kwamba kambare wa huku milimani huwa mgumu kidogo.

Kacheka hadi kavua miwani. Lakini kanywa mchuzi wote wa bakulini, kasema ni mzito na una ladha ya samaki kweli kweli, sasa samaki mwenyewe yuko wapi? Nimesema kaibiwa. Kauliza nilimpika muda gani. Saa tatu, nimejibu kiume. Kacheka tena. Sikuona cha kuchekesha.

Nyumba kapewa Clemensi. Nimerudi nyumbani kwa njia ya nyuma. Mama Patrisi katazama tu ukuta wetu wa udongo, pale ambapo dirisha lingekaa. Afadhali angenipiga. Nimeumia.

Jumapili, 10 Juni

Clemensi kaja baada ya misa. Kasema mwezi ujao Meneja atakuwa na wageni kutoka Ukerewe, tupike pamoja, atanionyesha. Kasema samaki si ng'ombe, akipitiliza anayeyuka. Ati anayeyuka! Kama sukari! Mtu mzima, na jana tu kafanywa mpishi mkuu. Nimemshukuru kwa adabu.

Nimekwenda nyuma ya nyumba kuchukua sufuria ya Germana niirudishe. Nimemkuta Mama Patrisi kaiinamia. Anafuta supu yangu kwa tonge la ugali! Yeye! Wa hadi kiama! Kashtuka, kisha kacheka, kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. Kasema, "Baba Patrisi, mdudu wako mtamu. Kaa, bado kidogo."

Nimekaa. Tumemaliza pamoja. Ni kweli, ni tamu. Na hapo ndipo nimeelewa yote. Mwizi nimekuwa nikilala naye! Nilipokwenda kutafuta kuni, nani alikuwa karibu? Nimemsamehe kimoyomoyo. Sitamwambia Clemensi.

Mwezi ujao nitapika saa tano, si tatu, maana samaki mwenye kuachia mifupa yake ovyo hakuwa ameiva. Kifuniko nitakifunga kwa waya na juu nitakaa mwenyewe. Nikolaus anataka jogoo mwingine. Mama Patrisi kabakiwa na mmoja, mweupe. Nitamwambia ni kicheche.