Spika Nne na Mama Mkwe

Jumatatu, 9 Juni

Kikao cha kamati ya harusi ya shemeji Matilda, nyumbani kwa mwenyekiti wetu Mzee Augustino, Ilala. Habari mbaya. Kundi la matarumbeta tulilolitegemea limepata harusi nyingine siku hiyo hiyo. Msafara bila muziki! Bibi harusi atoke kanisani kimya kimya kama anapelekwa kituoni! Kabla Mzee hajamaliza kuguna, nikasimama. Nikasema gari la mbele liwe langu na muziki niachiwe mimi.

Jovin naye akasimama. Huyu Jovin tuko jumuiya moja, na duka lake la redio za magari linatazamana na langu la vipuri kule mtaa wa Gerezani. Mimi nikisimama, na yeye anasimama. Akasema gari lake lina spika mbili na zinatosha. Zinatosha! Neno la mtu asiye na ndoto. Nikasema zangu zitakuwa nne.

Mzee akaamua tufanyiwe majaribio Alhamisi.

Sababu yenyewe naiandika hapa tu. Mama mkwe ametangaza kwamba atapanda gari la mbele, si jingine. Na mama mkwe huyo, tangu nimuoe binti yake Severa, hajawahi kuniita jina. Si Onesphory, si Baba Leticia, si mkwe. Mimi ni "huyo wa Severa". Huyo wa Severa amekula? Huyo wa Severa asogeze kiti. Jamani, inauma. Jumamosi, siku ya harusi, atakaa kwenye Noah yangu, kiti cha mbele, na jina langu litamtoka mdomoni.

Jumanne, 10 Juni

Siku njema! Nimetoa viti vya nyuma vya Noah, nimeweka boksi la spika nne na amplifaya, lile dude la chuma linalozipa spika nguvu. Boksi nimelivika pazia la mahameli jekundu la mitumba, kutoka Mchikichini. Linapendeza kuliko altare, Mungu anisamehe.

Kuhusu kuunga nyaya, nimetumia akili yangu mwenyewe. Nyaya zote chanya pamoja, zote hasi pamoja, zote nne kwenye tundu moja la amplifaya. Kamati ilinifundisha. Tulipoanza tulikuwa wanne tu, kila mtu analalamika kuelemewa. Tulipofika ishirini, mzigo ukawa mwepesi, hata nafasi ya kugombana tukapata. Spika nazo ni hivyo hivyo. Zikiwa nyingi, zinasaidiana.

Jovin akavuka barabara kuja kuchungulia. Hakuna aliyemwita. Akageuza spika moja, akaonyesha palipoandikwa omu nne, kile kipimo cha ukinzani wa umeme. Akasema amplifaya yangu haikubali kushuka chini ya omu mbili. Nikamwambia nami najua kusoma. Nne mara nne ni kumi na sita, na kumi na sita ni kubwa kuliko mbili. Hesabu ya darasa la pili! Akasema ukiziunga zote pamoja namna hiyo hazijumlishwi, zinagawanyika, kwa hiyo nimebaki na omu moja, na amplifaya itajichosha hadi iungue. Spika nne, omu moja! Nafsi tatu Mungu mmoja nimeisoma kwenye katekisimu. Hii ya spika haimo.

Nikawasha. Loo! Kioo cha duka kikatetemeka, kuku wa mama wa chipsi akaruka kutoka kwenye tenga. Ubeti mzima. Halafu kimya, na taa nyekundu kwenye amplifaya.

Jovin alirudi dukani kwake polepole sana, na mabega yake yalikuwa yanacheka.

Jumatano, 11 Juni

Nimegundua tatizo. Ni joto. Dar ni joto kwa kila mtu, na amplifaya si mtawa. Nikaenda kwa wauza samaki nikachukua barafu, nikaifunga kwenye mfuko, nikaiweka chini yake. Nikawasha. Beti mbili! Taa nyekundu tena, lakini beti mbili. Maendeleo.

Severa alikuja na chakula cha mchana. Mke wangu anapika kwenye harusi na kila kitu anakipima kwa sufuria. Nikamweleza maneno ya Jovin ili tucheke pamoja. Hakucheka. Akasema mbona linaeleweka. Akasema mpakuaji akiwa mmoja na wageni wote wakanyoosha sahani mara moja, atazimia. Wakipanga foleni, atawamaliza wote na mkono hautamuuma. Kwa hiyo niziunge spika mbili mbili, moja nyuma ya mwenzake, halafu ndiyo nikutanishe zile jozi. Akaniomba nimwite Jovin anisaidie.

Nimwite Jovin! Nikamwambia mke wangu kwa upole kwamba spika hazili wali.

Barafu imeyeyuka. Gari linanuka vibua.

Alhamisi, 12 Juni

Ushindi!

Majaribio yalifanyika mbele ya nyumba ya Mzee Augustino, kamati nzima imekaa kibarazani. Mama mkwe naye alikuwepo, kitenge kipya, mkoba mapajani. Nikamwamkia shikamoo mama. Akajibu marahaba akiangalia gari.

Alianza Jovin. Muziki wake safi, sikatai, ila wa kawaida. Ukapiga tu, ukapiga tu. Mzee akanyanyua mkono ili atoe neno, na Jovin, aliyekuwa ameinamia redio yake, hakumwona. Muziki ukaendelea kupiga juu ya kichwa cha mzee wa watu! Watu wakaguna.

Nikafuata mimi. Nilikuwa na barafu mpya na moyo wangu ulikuwa unadunda kuliko sabufa. Ubeti wa kwanza, vizuri. Ubeti wa pili, naona watoto wanacheza. Mzee akanyanyua mkono, na papo hapo, kimya! Taa nyekundu. Nilitaka ardhi ipasuke. Lakini Mzee akageuka kuiangalia kamati, akasema mmeona? Huyu kijana ana adabu. Mkubwa akitaka kusema, ananyamaza.

Nikainamisha kichwa kama mtu mwenye adabu. Gari la mbele ni langu!

Jovin alinifuata baadaye, akasema msafara ni mrefu na Mzee hatanyanyua mkono njia nzima. Akasema yuko tayari kuniungia upya, bure, kwa ajili ya Matilda. Kwa ajili ya Matilda! Kelele za mlango hazimnyimi mwenye nyumba usingizi.

Ijumaa, 13 Juni

Taa nyekundu mara tano. Nimeacha kujaribu ili nisiichoshe. Nimemwomba Mtakatifu Antoni. Yeye ni wa vitu vilivyopotea, na sauti yangu inapotea.

Severa kanuna. Anasema muziki ukikatika njiani mama yake atashuka na kupanda gari la Jovin, na mimi nitabaki huyo wa Severa mpaka kaburini. Kweli hapo baridi iliniingia rohoni. Nikakaa kitandani muda, nikamwona mama mkwe anashuka na mkoba wake katikati ya barabara, watu wote wa Ilala wanaangalia. Nusura niseme haya, mwite Jovin.

Halafu nikapata wazo la barafu mifuko miwili.

Jumamosi, 14 Juni

Nianzie wapi!

Misa ilikuwa nzuri, padri hakuchelewesha. Katikati ya mahubiri Severa akaninong'oneza nimpe ufunguo wa gari akachukue kitenge. Nikampa. Alikaa sana huko nje. Jambo jingine: Jovin hakuwepo kwenye benchi lake. Alirudi wakati wa matoleo, jasho usoni, shati limechafuka kiwiko, kipande cha utepe wa bluu kimemganda kidoleni. Ule utepe wa kufungia nyaya ambao anauagiza mwenyewe na kujisifia. Nikamwonea huruma. Wivu unamtoa mtu hadi kanisani.

Tukatoka. Mama mkwe akapanda kiti cha mbele, akanusa, akauliza nani amekuja na samaki. Nikasema ni bahari, mama, upepo umegeuka. Mlango wa nyuma wa Noah tukauinua, spika zikaangalia gari la bibi harusi. Nikapiga ishara ya msalaba. Nikawasha.

Muziki ukatoka.

Si kwa kishindo cha Jumanne, ila mzito, mtamu, unaingia tumboni taratibu. Nikasubiri taa nyekundu. Ubeti wa kwanza, haipo. Wa pili, haipo. Tukapita Ilala, akina mama wanapiga vigelegele madirishani, madereva wa bodaboda wanatusindikiza. Tukaingia Mtaa wa Msimbazi, kwenye foleni ya Kariakoo, jua kali, wachuuzi wanacheza na mabegi yao kichwani. Na ile taa? Haipo! Nilikuwa naangalia kioo cha nyuma kuliko barabara. Mwenye toroli amenitukana, nikamjibu asante.

Tulipokuwa tunazunguka Mnazi Mmoja, mama mkwe alikuwa anapiga makofi. Mkoba umeanguka miguuni, haujali. Akanigeukia. Akasema, "Baba Leticia, ongeza sauti."

Baba Leticia!

Nikaongeza. Sikuweza kuona vizuri njia kwa muda kidogo, vumbi liliniingia machoni, yote mawili.

Ukumbini alinipakulia pilau kwa mkono wake. Mzee Augustino akanitaja kwenye hotuba. Jovin alikuwa amekaa kona anakula taratibu, akaninyanyulia soda yake. Nikamnyanyulia yangu. Mshindi lazima awe mkarimu.

Jumapili, 15 Juni

Leo Severa ameniambia jambo la kuchekesha. Eti jana wakati wa mahubiri alimfungulia Jovin gari, na Jovin akaziunga spika upya, mbili mbili, kama yeye Severa alivyosema Jumatano. Eti ndiyo sababu taa haikuwaka. Eti nikamshukuru.

Nilicheka mpaka nikakohoa. Nikamuuliza, je, barafu mifuko miwili haikufanya kitu? Je, Mtakatifu Antoni? Akaenda kuloweka maharage.

Wanawake wana huruma. Anataka na Jovin apate sifa kidogo.

Jumanne, 17 Juni

Habari kubwa. Mama mkwe amepiga simu, kwangu, si kwa Severa! Jumamosi kuna kipaimara cha mjukuu wake na anataka aende kanisani na "gari la Baba Leticia, lile la muziki". Ametaka Severa aende leo wakapange vyakula. Severa kaenda asubuhi na mapema, atarudi kesho.

Kwa hiyo nimeileta Noah nyumbani, nikaiegesha chini ya dirisha, nikafungua lile pazia jekundu nikague. Na nimeona nini? Utepe wa bluu! Nyaya zangu zimekatwa, zimezungushwa, spika moja imefungwa nyuma ya mwenzake. Severa alisema kweli. Yule mtu aliingia kwenye gari langu Misa ikiendelea!

Nimekaa nikafikiri bila hasira. Jumamosi muziki ulikuwa mtamu vile ukiwa umehujumiwa. Umefungwa mikono na miguu na bado ukafika Mnazi Mmoja! Sasa nikiufungua utafika wapi? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mkuu wa gari hili ni mimi.

Nimebandua utepe wote. Chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, zote nne pamoja kama Mungu alivyopanga. Na kwa kuwa kipaimara si jambo dogo, nimeongeza spika mbili ziwasaidie wenzao. Sita! Nne mara sita, ishirini na nne. Taa nyekundu iliwaka mara moja tu, nikaona isinitie wasiwasi. Nimeifunika kwa pazia, nimeiacha redio ikipiga ili spika zizoeane, nikaingia ndani kuandika.

Nimeridhika sana. Muziki umenyamaza huko nje, nadhani wimbo umekwisha. Mama mkwe atacheza Jumamosi mpaka aache mkoba garini.

Ila kuna harufu ya kitu kinaungua humu ndani, na moshi kidogo dirishani. Severa ameunguza maharage. Akirudi kesho kutoka kwa mama yake, nitamwambia awe makini.